Mipangilio ya Ndani ya Ruta ya Nyumbani na Tatizo la Kuieleza kwa Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, tunakusudia kueleza kazi ya ile mipangilio ya ruta ya nyumbani ambayo wengi wetu hatuifungui kabisa, au tukiifungua huifunga upesi kwa kuchelea kuharibu. Pili, tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya hofu hiyo inatokana na lugha. Mambo yenyewe si magumu kuliko fonolojia tunayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini ni nadra kuyakuta yameelezwa kwa Kiswahili kwa kufuata jinsi yanavyotenda kazi. Na maneno yanayotumika, pale yanapokuwapo, aghalabu yamefasiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno, bila ya mfasiri kukitazama kitu anachokipa jina.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio la nyumbani kwangu. Nilikuwa mmoja wa watahini wa tasnifu ya uzamili. Mtahiniwa alikuwa Mombasa, nami nilikuwa katika fleti yangu hapa Nairobi, na utetezi ulifanywa kwa njia ya intaneti. Mawasiliano yalikatika mara tatu, na mara ya tatu yalikatika katikati ya ile hoja hasa tuliyokuwa tukiisubiri. Mtahiniwa, asiyejua kwamba simsikii, aliuchukua ukimya wangu kuwa ni dalili ya kutoridhika, akaanza kuibomoa hoja yake mwenyewe. Tuliporejeana tulihitaji muda mrefu kumtuliza.

Siku ya pili alikuja fundi. Aliufungua ukurasa wa mipangilio kwa simu yake, akabadilisha namba moja, na mambo yakawa shwari. Nilimwuliza, "Kijana wangu, umefanya nini hapo?" Akajibu, "Mwalimu, nimebadilisha chaneli tu." Nilipomwomba anieleze chaneli ni nini, alicheka kwa heshima, akasema kwamba ameitafuta ile isiyokuwa na mtu. Kwa wiki moja hatukuwa na la kulalamikia. Kisha sauti zikaanza kukatika tena, vibaya kuliko awali. Kosa lake tutalieleza hapa chini, kwa sababu ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye busara angelifanya akiongozwa na neno peke yake.

Jina la chombo

Kisanduku kile kinachowaka taa sebuleni tunakiita ruta. Wapo waliopendekeza kipanga njia, na wapo wanaokiita kisambaza data au kisambazi. Sioni haja ya kuligombania jina, maadamu ruta limekwisha kuota mizizi na linanyambulika bila taabu katika ngeli yake. Ila yafaa ieleweke kwamba majina hayo hayakitaji kitu kimoja. Ndani ya kisanduku mna vyombo vinne vilivyotiwa pamoja. Kipo cha kwanza, ambacho ndicho ruta hasa, kinachosimama baina ya mtandao wa nyumbani na mtandao wa nje na kuamua kila furushi la habari lielekezwe wapi. Kipo cha pili kinachounganisha vifaa vyenye nyaya. Cha tatu ni kituo kidogo cha redio, kinachotuma na kupokea mawimbi. Na cha nne ni karani, anayekigawia kila kifaa anwani. Anayesema kisambazi anakitaja cha tatu tu. Anayesema kipanga njia anakitaja cha kwanza tu.

Tofauti hii si ya kitaaluma tupu. Mtu husema "ruta imeharibika" ilhali kituo cha redio ndicho kilichosongwa na mawimbi ya majirani, na ruta yenyewe ni nzima kabisa. Njia rahisi ya kutambua ni kuiunganisha kompyuta na kisanduku kwa waya: ikiwa mambo yanakwenda vyema kwa waya na vibaya bila waya, tatizo liko katika redio, na hapana faida ya kumpigia simu anayekuuzia intaneti.

Mipangilio yenyewe hufikiwa kwa kuandika katika kivinjari anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na ambayo huwa imebandikwa chini ya kisanduku. Ukurasa unaofunguka huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mambo machache ya lazima. Ya pili Waingereza wameipa sifa inayomaanisha iliyotangulia au iliyo mbele, na wafasiri wetu wakaiita mipangilio ya juu. Nimependelea kuiita mipangilio ya ndani, kwa kuwa haiko juu ya kitu chochote, wala haihitaji elimu ya juu. Ni ya ndani kama chumba cha ndani: mgeni hapelekwi huko, lakini mwenye nyumba asiyewahi kuingia humo ana jambo la kujiuliza.

Masafa na mikondo

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotatiza zaidi, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Neno masafa tunalitumia kwa maana tatu. Kwa asili ni umbali: msafiri huenda masafa marefu. Watangazaji wa redio wakalichukua wakalipa maana ya urefu wa wimbi, ndipo tukasikia juu ya matangazo ya masafa mafupi. Baadaye, vituo vya FM vilipoenea, masafa yakawa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na hiyo ndiyo maana anayoikusudia mtangazaji wa leo anapotutajia namba ya kituo chake. Sasa tazama linalotokea katika ruta. Ruta nyingi hutumia kanda mbili za mawimbi, moja ya gigahezi 2.4, yaani mitetemo bilioni 2.4 kwa sekunde, na nyingine ya gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa sentimita 12 na ushei. La pili lina sentimita 6 hivi. Kwa hiyo ukanda wa 5 una masafa makubwa (mitetemo), masafa mafupi (wimbi), na masafa mafupi tena (umbali), maana mawimbi yake hudhoofika upesi yanapopita katika kuta. Mtu akiambiwa na kitabu cha maelezo kwamba ukanda wa 5 ni wa "masafa ya juu", atauchagua kwa ajili ya chumba cha mbali zaidi, na atakuwa ameulizia kinyume cha anachokihitaji.

Ninapendekeza, basi, masafa yabakie kwa mitetemo, kwa kuwa matumizi hayo yameshinda. Umbali uitwe umbali. Na urefu wa wimbi uitwe hivyo hivyo. Hapo kanuni itasemeka bila kujipinga: masafa yakizidi, umbali hupungua. Katika nyumba zetu za mawe jambo hili huonekana wazi. Ukanda wa 5 unafaa chumba kile kile iliko ruta na pengine cha pili yake. Chumba cha nyuma ya kuta mbili za mawe hakina budi kutumia ule wa 2.4. Ruta nyingi huzipa kanda zote mbili jina moja na kuviacha vifaa vijichagulie. Ikiwa simu inang'ang'ania ukanda usioifaa, kuna mpangilio wa kuzitenganisha kwa majina mawili, na mtu akachagua mwenyewe.

Sasa tuje kwenye chaneli, ambayo nitaiita mkondo. Ukanda wa 2.4 umegawanywa katika mikondo 13 inayoruhusiwa katika nchi nyingi. Marekani hutumia 11, na Japani iliwahi kuongeza wa 14. Mkondo wa 1 una kitovu chake katika megahezi 2412, wa 2 katika 2417, wa 3 katika 2422, na kuendelea kwa hatua za megahezi 5. Lakini ruta inapozungumza, sauti yake haichukui megahezi 5. Inachukua 20 kwa uchache. Ndiyo kusema kwamba anayetumia mkondo wa 3 anaenea kutoka 2412 hadi 2432, na hivyo anaingia katika eneo la aliye mkondo wa 1, unaoishia 2422, na pia katika eneo la aliye mkondo wa 6, unaoanzia 2427. Namba ni 13, lakini nafasi zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Fundi wetu alifanya nini? Aliangalia orodha ya mitandao iliyokuwa ikisikika katika fleti yangu. (Ilikuwa zaidi ya kumi, na majina ambayo majirani wamewapa mitandao yao yanatosha makala ya isimujamii.) Akaona wengi wako 1, wengi wako 6, wengi wako 11, na hapana hata mmoja aliye 3. Akanihamishia 3. Neno chaneli lilimdanganya. Katika runinga, chaneli ya 3 ni chumba chake peke yake chenye mlango, na ikiwa tupu ni tupu. Mkondo wa maji, kinyume chake, huwa na kingo zisizo imara, na mikondo iliyo karibu huchanganyika. Ndiyo sababu ya kulipendelea neno mkondo: linaeleza kitu kama kilivyo.

Madhara yake ni makubwa kuliko kugawana nafasi. Vifaa vya Wi-Fi vina adabu ya barazani: kila kimoja husikiliza kwanza, na kikisikia mwenziwe anasema, hungoja. Ruta mbili zilizo katika mkondo mmoja, mathalan 6, husikilizana na kupeana zamu. Kasi hupungua, lakini hapana anayemkatiza mwingine. Zilizo katika mikondo inayoingiliana nusu-nusu hazielewani. Kwa kila mmoja, usemi wa mwingine ni kelele tu isiyo na maneno, na mara nyingi kelele hiyo ni hafifu mno kumfanya angoje lakini inatosha kumharibia maneno. Furushi likiharibika hutumwa upya, tena na tena, na hapo ndipo sauti ya mtahiniwa inapokatika. Mimi niliyehamia 3 nilikuwa nimejiweka baina ya makundi mawili ya watu nisiowaelewa, nami nikawa kelele kwao. Wiki ile moja ya utulivu ilikuwa ya likizo, majirani wengi wakiwa wamesafiri. Basi kanuni ni hii: mtu achague 1, 6 au 11, ule ambao majirani zake wanasikika kwa unyonge zaidi, hata kama haukosi watu.

Jirani yake mpangilio huo ni upana wa mkondo. Katika ukanda wa 2.4 ruta nyingi hutoa nafasi ya kuchagua megahezi 20 au 40. Arobaini huahidi kasi zaidi, lakini huchukua karibu nusu ya ukanda wote. Katika nyumba ya shambani isiyo na jirani, haidhuru. Katika fleti ni sawa na abiria anayejitandaza peke yake katika kiti cha watu watatu matatuni, kisha akashangaa kwa nini anasukumwa. Ishirini inatosha. Katika ukanda wa 5, wenye mikondo mingi isiyoingiliana, 80 haina ubaya.

Yapo na mengine yanayousumbua ukanda wa 2.4. Oveni ya maikrowevu hutumia mawimbi ya karibu megahezi 2450, yaani katikati kabisa ya ukanda huo, na isipofunika vyema huonekana katika mazungumzo wakati wa chakula. Bluetooth nayo imo humo humo.

Maneno mawili ya siri

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema paswadi ya Wi-Fi kana kwamba ni moja. Ziko mbili. Ya kwanza humruhusu mtu kuingia katika mtandao. Hiyo nitaiita neno la mlangoni. Ya pili humruhusu aliyekwisha kuingia kuifungua na kuibadilisha mipangilio yenyewe. Hiyo nitaiita neno la usimamizi. Kwa kukosa majina mawili, wengi hubadilisha ya kwanza wakaridhika kwamba wamejilinda, na ya pili ikabaki kama ilivyotoka kiwandani, ambapo mara nyingi huwa ni neno admin lililoandikwa mara mbili.

Hasara ya jambo hilo imekwisha kuonekana. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea duniani kwa njia nyepesi mno. Ilikuwa na orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, jozi zaidi ya 60, ikavijaribu vifaa vilivyokuwa wazi kwenye intaneti, hasa kamera na ruta, kimoja baada ya kimoja. Vilivyofunguka vikawa jeshi lake. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti nyingi, na kwa saa kadhaa Twitter na Netflix, miongoni mwa nyinginezo, hazikupatikana kwa watu wengi. Wenye vifaa vile hawakujua lolote. Hapana aliyeibiwa kitu alichokiona. Neno la usimamizi libadilishwe siku ile ile ruta inapofungwa, na mpangilio unaoruhusu usimamizi kutoka nje ya nyumba uzimwe.

Kuhusu neno la mlangoni, kuna suala la namna ya usimbaji. Ya zamani, WEP, ilitoka pamoja na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi mwaka 1997 na udhaifu wake ukabainishwa hadharani mwaka 2001; ruta inayoitumia ni kama haina mlango. WPA2 ilikuja 2004 na ingali ikifaa. WPA3 ya mwaka 2018 ni bora ikiwa vifaa vyote vya nyumbani vinaielewa. Lakini usimbaji mzuri hausaidii neno fupi. Neno la WPA2 laweza kuwa na herufi 8 hadi 63, na urefu ndio kinga. Wenzangu wa fasihi huona fahari kutumia methali au kipande cha shairi. Wasifanye hivyo: usemi ulio mashuhuri ndio unaotiwa katika orodha za kukisia. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyookotwa bila mpango kutoka kurasa mbalimbali za kamusi, yana nguvu zaidi na hukumbukwa.

Nataka kuutaja mpangilio mmoja unaoitwa WPS, kwa kuwa ni mfano mzuri wa urahisi uliogeuka kuwa mlango wa nyuma. Uliwekwa ili mtu aunganishe kifaa kwa namba ya tarakimu 8 badala ya neno refu. Tarakimu 8 hutoa uwezekano milioni 100. Ya mwisho, hata hivyo, ni ya kuhakikishia zile za kabla yake tu, kwa hiyo wabaki milioni 10. Mwishoni mwa 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huihakiki namba hiyo kwa mafungu mawili: huyajibu majaribio ya tarakimu nne za mwanzo mbali na tatu zinazofuata. Ni kana kwamba mtu anakisia neno refu, na mwenye neno anamwambia, "Nusu ya kwanza umepata, endelea." Hapo majaribio hupungua kutoka milioni 10 hadi 10,000 na 1,000, jumla 11,000, kazi ambayo kompyuta huimaliza kwa saa kadhaa. Ruta za baadaye ziliongeza vizuizi, lakini sioni sababu ya kuuacha mpangilio huo ukiwaka katika nyumba ambayo wageni hawaji kila siku.

Kulificha jina la mtandao, jambo ambalo mafundi hulisifu, si kinga. Jina hilo husikika mara kifaa chochote kinapojiunga, na simu iliyozoea mtandao uliofichwa hulitamka jina lake kila iendako ikiutafuta. Wageni wawekewe mtandao wao wa kando, ambao ruta nyingi huutoa. Hivyo simu ya mgeni haitaiona kompyuta yenye mitihani.

Anwani, milango na bawabu

Tumetaja kwamba ndani ya ruta mna karani anayegawa anwani. Kazi yake huitwa DHCP, na anwani anazozitoa huazimwa kwa muda, mathalan saa 24, kisha huazimwa upya. Anwani hizo, zinazoanza na 192.168 au na 10, zilitengwa kwa matumizi ya ndani; mamilioni ya nyumba hutumia zizo hizo, na hazijulikani nje. Swali ni jinsi gani nyumba yenye vifaa kumi na viwili huzungumza na dunia kwa anwani moja ya nje.

Mfano ulio karibu zaidi ni sanduku la posta la shule. Wanafunzi mia nane wana S.L.P. moja. Barua zote hutoka zikiwa na sanduku hilo, na majibu yote hurudi hapo. Karani wa shule, mwenye kumbukumbu ya nani aliandika wapi, huyagawa. Ubadilishaji wa anwani katika ruta, uitwao NAT, ndio kazi ya karani huyo. Ulienea kwa sababu ya uhaba: anwani za mfumo wa zamani wa intaneti haziwezi kuzidi bilioni 4.3 hivi, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa mabara Februari 2011.

Matokeo yake ni kwamba barua isiyotarajiwa, iliyokuja na S.L.P. tupu bila jina, haina wa kupewa, nayo hutupwa. Hiyo kwa kawaida ni heri. Lakini mtu akitaka kuifikia kamera ya nyumbani akiwa safarini, ni lazima amwagize karani: kila kinachokuja kwa namba fulani kipelekwe kwa kifaa fulani. Namba hizo, kutoka 0 hadi 65535, Kiingereza huziita kwa neno ambalo pia lina maana ya bandari. Atakayeandika bandari atakuwa amelitazama neno na kukipa kisogo kitu, kwa sababu hapana meli inayotia nanga hapo. Ni milango: tovuti husikiliza kwenye mlango wa 80 au wa 443. Mpangilio huo basi ni uelekezaji wa milango.

Kuna watu wanaohangaika na mpangilio huu siku nzima pasipo mafanikio, na sababu haiko kwao. Kampuni nyingi za intaneti nazo hukosa anwani, hivyo huwaweka wateja wao wengi nyuma ya anwani moja, yaani shule kadhaa zikatumia sanduku la wilaya. Mtu aitazame anwani ya nje inayoonyeshwa katika ruta yake. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, hapana mlango atakaoufungua ukaonekana nje. Hana budi kuomba anwani yake mwenyewe, na pengine kuilipia.

Upo pia mpangilio wa UPnP, unaoviruhusu vifaa kujifungulia milango bila kumwuliza mwenye nyumba. Michezo ya watoto huutaka. Kamera ya bei rahisi nayo hujifungulia vivyo hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kuuzima, watoto wakinuna wanune.

Sasa kuhusu kile kinachoitwa ukuta wa moto. Kwa wajenzi wa Kizungu, neno lililofasiriwa hivyo ni ukuta wa kuzuia moto usivuke kutoka sehemu moja ya jengo kwenda nyingine. Kwa Kiswahili limegeuka kuwa ukuta uliojengwa kwa moto, na mwanafunzi aliniuliza kwa dhati kama ndio unaoifanya ruta kuwa na joto. Ngome ni afadhali, ila ngome haimjui mtu. Kinachofanyika katika ruta ni kazi ya bawabu: hukumbuka nani ametoka na kwenda kwa nani, na anayerudi na jibu humpisha, asiyeitwa humzuia. Kumbukumbu hiyo ndiyo sifa yake kuu. Bawabu asizimwe kwa hali yoyote, hasa pale kampuni inapotumia mfumo mpya wa anwani, IPv6, ambao una anwani za kutosha kila kifaa na hauhitaji karani wa sanduku la posta. Hapo bawabu ndiye peke yake aliyebaki mlangoni.

Mwisho ni daftari la majina, DNS. Vifaa havijui majina ya tovuti, hujua namba. Kila unapoandika jina, ruta huuliza daftari lililo mahali fulani ipewe namba yake. Mpangilio wa DNS huamua daftari la nani liulizwe. Kwa kawaida ni la kampuni ya intaneti, lakini waweza kuweka la Google, 8.8.8.8, lililopo tangu 2009, au la Cloudflare, 1.1.1.1, la 2018, na mara nyingine tovuti zikafunguka upesi zaidi. Mwenye daftari hujua kila jina unalouliza, na akitaka anaweza kukupa namba ya uongo. Hivyo ndivyo ilivyofanya programu iliyoitwa DNSChanger: iliyabadilisha madaftari ya kompyuta zaidi ya milioni 4, na ruta zilizokuwa bado na neno la usimamizi la kiwandani ikaziingia vile vile. Watu sita walikamatwa Estonia Novemba 2011, na seva za muda zilizowekwa kuwasaidia walioathiriwa zilizimwa tarehe 9 Julai 2012. Mtu akiona tovuti ya benki yake imebadilika sura bila sababu, mahali pa kwanza pa kutazama ni hapa.

Mimi nilirudi mkondo wa 6, nikapunguza upana, nikazima niliyoyataja, na nikayaandika yote katika karatasi kwa Kiswahili, pamoja na thamani ya kwanza na ya sasa ya kila mpangilio. Karatasi hiyo imo ndani ya kamusi, si chini ya ruta. Ruta nyingi zina uwezo wa kuihifadhi mipangilio yote katika faili, na hilo lifanywe kabla ya kubadilisha lolote. Ikiwa mambo yameharibika kabisa, nyuma ya kisanduku kuna kitundu kidogo. Sindano ikibonyezwa humo kwa sekunde kumi hivi, ruta hurudi katika hali ya kiwandani. Lakini pamoja nayo hurudi WPS, hurudi UPnP, na neno la usimamizi huwa tena admin.